Jino Ambalo Halipo

Dada mpendwa,

Huku hatujambo. Paa limeacha kuvuja, na mwanao uliyeniachia nimlee amerefuka hadi sare haimtoshi.

Umeuliza habari za kazi yangu ya utafiti. Inanitia kinyaa. Tunapima meno ya watoto shuleni; mimi nashika tochi na kujaza fomu. Mtoto akishafunga mdomo, anapewa chupa ya soda ya mfadhili wetu, kampuni ya soda, eti shukrani. Harufu ya usaha imenikaa puani, hata chai hainishuki.

Siku ya kwanza nilimuuliza daktari mkuu, "Jino lililong'olewa kwa kuoza niliandike wapi?"

Akasema, "Ambalo halipo haliozi. Weka sifuri."

Nikaweka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nimeinama hadi mgongo umezoea.

Leo tulikuwa shule ya mwanao. Sikukuambia kwamba mwezi uliopita alivimba shavu wiki nzima, wakamng'oa meno manne yaliyooza. Kwenye fomu, ndiye mwenye meno mazima kuliko wote darasani. Soda yake ameimaliza.

Mwandiko kwenye fomu hiyo ni wangu.

Mdogo wako, uliyemwamini ukamwachia mtoto