Maneno Madogo ya Kupandia Mlima

Jumanne, 4 Machi

Palizi asubuhi, mistari saba ya mahindi. Kuoga haraka. Bodaboda kutoka Mogitu hadi Katesh, mvua kidogo njiani. Nimefika darasani nimechelewa dakika kumi. Mwalimu Theresia aliniangalia tu juu ya miwani. Nilimwamkia mara mbili.

Leo tena maneno madogo ya Kiingereza. Majina ya vitu hayanishindi. Mlima, jiwe, mto, nyuki, yote ninayo. Yanayonitesa ni hivi vijineno vya katikati: "up", "past", "until", "just", "even though". Vinateleza kama sabuni. Ukishika kimoja, kingine kimeshadondoka.

Mtihani tarehe 20. Nikifaulu napata kitambulisho cha kuongoza wageni Mlima Hanang. Nikishindwa naendelea kubeba mizigo yao, nyuma ya vijana ninaowajua tangu wananyonya. Miaka sita nimebeba. Mlima naujua kuliko wao wote. Wao wana Kiingereza, basi wanatangulia. Nimechoka.

Alhamisi, 6 Machi

Tuko watano, chumba cha nyuma ya kanisa. Mwanamke ni mimi peke yangu. Jirani yangu kwenye dawati ni Gidamis, mfugaji wa huko uwandani, mpagazi mwenzangu. Fimbo yake anailaza chini ya miguu hata darasani. Ni mtu wa maneno machache kwa kila lugha anayoijua, na anajua nne.

Mwalimu ameeleza jambo ambalo limekaa kichwani mpaka sasa. Anasema Kiswahili chetu kitenzi ndicho kinafanya kazi. Panda. Shuka. Vuka. Zunguka. Neno moja limebeba yote. Mwingereza ana kitenzi kivivu, "go", halafu mzigo anawatwisha wadogo wanaofuata nyuma. Go up. Go down. Go round behind. Tena wanapangwa wawili wawili, watatu watatu: "back up", "down along", "just before". Kitenzi kinatembea mbele mikono mitupu.

Nilicheka kwa sauti. Mwalimu akauliza kuna nini. Nikamwambia, basi hao ni wapagazi. Akaandika ubaoni WAPAGAZI, herufi kubwa, akapigia mstari. Gidamis aliinakili. Nimetembea vizuri sana kurudi stendi.

Jumapili, 9 Machi

Misa ya kwanza. Padri alihubiri juu ya kufunga mdomo Kwaresima. Mimi mwezi huu nimelipia ada ili niufungue.

Baba Paulina amenuna. Mke wa miaka arobaini na mitatu, daftari kama la mtoto wa darasa la tatu. "Mama Paulina, Kizungu hakipalilii." Nikamjibu na yeye pia hapalilii. Sijutii. Ugali aliumaliza.

Jumanne, 11 Machi

Siku mbaya.

Mwalimu alitaka kila mmoja aeleze jinsi ya kumvusha mgeni korongo la Jorodom wakati wa mvua. Korongo lile silitaki hata kulitaja. Tope lilishuka pale alfajiri likabeba nyumba ya dada yangu. Yeye alipona. Majirani zake wa upande wa chini hawakupona. Tangu hapo kila anayepanda mlima lazima aambiwe: usivuke mpaka mvua ikatike, na ikikatika usikimbilie, subiri kwanza. Kwa Kiingereza inaanza "not until well after". Maneno manne madogo yamepanga foleni kabla hata mvua haijatajwa.

Nikasimama. Nikasema "until", nikasema "after", hilo la kwanza nikaliruka. Mwalimu akanyoosha mkono. "Umemvusha, Mama Paulina. Huyo mgeni ameshakufa."

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Maneno hayo nayajua kwa Kiswahili na kwa lugha ya mama yangu, nimeyasema mara mia pale kando ya lile korongo. Nikikaa kwenye dawati tu, yanakimbia. Nusu ya njia ya kurudi nimeitembea kwa miguu, nisionane na mtu.

Jumatatu, 17 Machi

Siku ya nne nasema peke yangu shambani. Kila mstari wa mahindi, sentensi moja. Nikifika mwisho wa mstari bila kukosea, nahamia mwingine. Nikikosea, narudia mstari uleule, hata kama hauna jani la kung'oa. "Up past the big stone." "Down along the stream, but only as far as the fence." "Even if it is dry, not there."

Mke wa jirani amemuuliza Baba Paulina kama naumwa.

Palizi imekwisha siku mbili mapema. Baba Paulina alizunguka shamba zima, mikono nyuma. Alirudi akanichotea maji ya kunawa. Haijawahi kutokea.

Jumatano, 19 Machi

Kesho. Gauni nimelipiga pasi. Viatu vimekauka. Naogopa, na nimekasirika kwamba naogopa.

Alhamisi, 20 Machi

Niandike kama ilivyokuwa, nisijipambe.

Tulikaa kwenye benchi nje ya ukumbi wa Jorodom. Mtahini ni dada kutoka Arusha, wa umri wa mwanangu Paulina, raba nyeupe safi. Anaita mmoja mmoja. Mlango ulikuwa wazi, tunasikia yote. Gidamis alitangulia. Akaulizwa kwa Kiingereza atampelekaje mgeni kwenye chemchemi ya juu. Alifikiri. Akainua fimbo, akaielekeza mlimani, akaishusha. Basi. Mtahini akasubiri, Gidamis naye akasubiri. Alipotoka hakunitazama.

Zamu yangu. Swali lilelile, ila akalisema kama mgeni mwenyewe. Anatoka mbali, amechoka, anataka kufika kwenye chemchemi. Aende vipi?

Kwetu mgeni akiuliza njia haonyeshwi kwa kidole. Unaacha jembe lilipo, unapokea mzigo wake, unampeleka mpaka aione njia mwenyewe. Ukimwelekeza ukiwa umekaa, habari inafika nyumbani kabla yako, na mama yako anaona aibu. Sikufikiri. Nilisimama, nikachukua mkoba wa yule dada mezani, nikatoka nao.

Nikasikia ananiita. Nikasikia benchi zima linacheka. Nilidhani anauliza kama ni mbali. Nikamjibu kwa Kiingereza, sio mbali, nifuate. Akanifuata. Angefanyaje? Mkoba wake ninao mimi.

Na hapo mdomo ukafunguka. Mguu ukipanda, neno la kupanda linakuja. Tunapita nyuma ya mashine ya kusaga, nasema tunapita nyuma ya mashine. Juu kidogo kupita jiwe. Kushoto kabla tu ya uzio. Sikutafuta hata moja, nilikuwa nayaokota njiani. Yule dada anahema. Raba si nyeupe tena. Anauliza maswali ya kunitega na mimi najibu bila kugeuka nyuma. Je, mti ule ukianguka tupite wapi? Je, na giza likiingia kabla hatujarudi?

Ukingoni mwa korongo nilisimama nikatandaza mkono mbele yake. Akaniuliza, na kukiwa na mvua je? Nikamwambia. Maneno yote manne, moja baada ya jingine, halafu na mvua yenyewe. Nikaongeza ambalo halikuwemo kwenye daftari: "Even then, only behind me."

Akaangalia chini kwenye yale mawe makubwa yaliyobaki.

Ndipo akili iliponirudia. Hakuna aliyeniambia nitoke ukumbini. Nimebeba mkoba wa mtahini wa serikali kama mwizi. Nilimrudishia kwa mikono miwili. Tulishuka. Benchi lilikuwa limeacha kucheka, sijui hiyo ni heri au shari. Mwalimu Theresia alikuwa amesimama mlangoni. Shikamoo yangu aliiitikia, sura yake haikuniambia kitu.

Nimeharibu. Ndivyo ninavyoona sasa. Lakini sentensi nilizisema. Korongo linajua.

Ijumaa, 21 Machi

Nimefaulu.

Majina mawili yamebandikwa, langu ni la kwanza. Mwalimu anasema yule dada alipiga simu jioni. Alisema watu wanne wamemweleza njia au wameshindwa kumweleza, na mmoja amemfikisha. Alama zangu za kuandika ni ndogo, nimeziona, sioni aibu. Za kusema zimejaa.

Mwalimu Theresia alitoa miwani akaifuta muda mrefu, na haikuwa na vumbi. Kisha akasema mwezi wa nne darasa lote litafanyika njiani, atanunua buti.

Najivunia. Naandika hivyo na narudia. Najivunia. Mama yangu alipanda mlima ule na kuni kichwani maisha yake yote, hakuna aliyemuuliza njia kwa lugha yoyote.

Gidamis hakufaulu. Nilimtafuta stendi, ameshaondoka.

Baba Paulina alikisoma kitambulisho mbele na nyuma. Akauliza kwa nini picha sijacheka. Jioni hii amepita kwa majirani watatu, kazi hana huko hata moja.

Jumamosi, 29 Machi

Safari ya kwanza. Wageni wawili, mama na binti yake, watu wapole. Tuliondoka Jorodom alfajiri, anga safi, baridi ya kukata masikio. Mpagazi niliyepangiwa ni Gidamis. Nilikosa usingizi kwa ajili hiyo kuliko kwa ajili ya wageni. Mwanaume wa kwao, nyuma ya mwanamke, na mwanamke mwenyewe ni mimi.

Alinisalimia kama kawaida. Akajitwisha begi kubwa. Hakusema neno saa mbili nzima. Nilieleza miti, nilieleza nyati wa zamani, nilieleza wapi pa kukanyaga. Nilikosea mara mbili, binti akanielewa hivyohivyo.

Njia inapogawanyika kwenye miamba nilikuwa nimesimama nawasubiri wageni wanywe maji. Gidamis akatupita na mzigo wake, akafika penye njia panda. Pale amepita tangu hajaota ndevu. Mbuzi wa baba yake walikuwa wanapapita usiku bila kuongozwa.

Akasimama. Akageuka mpaka wageni wote wawili wakamwona vizuri. Akaniuliza kwa Kiingereza, taratibu, kila neno mahali pake: mama, tupite upande gani?

Nikamwambia kushoto.

Akapita kushoto, na wageni wakaja nyuma yangu.