Mrunda wa Mparachichi

Old Moshi, Novemba

Kaka yangu Daniel,

Shikamoo. Natumaini umzima, na wifi Flavia na mtoto pia, na kwamba nyonga haikusumbui sana msimu huu wa mvua. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama ameacha kulalamikia presha, sasa anamlalamikia ng'ombe, na kwa mama hiyo ni dalili ya afya. Ananiagiza nikuulize kama huko Holili mnapata ndizi za maana au mnakula zile zilizoivia kwenye malori. Kila siku namjibu kwa niaba yako kwamba unakula vizuri, basi nisaidie nisiwe mwongo.

Najua nikimtaja baba huwa unaruka mistari. Leo usiruke, tafadhali.

Usharika umeamua kuumalizia mnara wa kengele kabla ya Krismasi, ili watu wa Dar wakirudi wakute kengele iko juu. Kamati ilikodi jukwaa la mabomba kwenye kampuni ninayofanyia kazi pale Njoro, na kampuni ikanituma mimi nilisimamishe na kulisimamia. Nadhani bosi alidhani ananipa likizo ya nyumbani. Hakujua kwamba fundi mkuu wa mnara ni baba yangu mzazi.

Masharti yangu ni machache. Kila mguu wa bomba ukae juu ya bamba la chuma, na bamba likae juu ya ubao mpana, maana udongo wetu ukinyeshewa unameza kila kitu. Mabomba ya mshazari yafungwe ili jukwaa lisiyumbe, nalo lenyewe lishikwe ukutani. Mbao za kukanyagia zisiache mwanya, reli ipite usawa wa kiuno, na asipande mtu kabla sijalikagua asubuhi hiyo. Baba alinisikiliza hadi mwisho, kisha akawauliza mafundi wenzake kama wanajua kwamba huyu ndiye aliyekuwa akilia akiona mjusi. Walicheka sana. Nilicheka nao, lakini ngazi sikuifungua mpaka nilipomaliza ukaguzi.

Mvua zikaanza. Kampuni hutoza jukwaa kwa wiki, watu wapande wasipande, na Mama Priska, mweka hazina wa kamati, akaanza kuyatazama mabomba yangu kama mgeni asiyejua kuaga. Sikumlaumu, fedha ni za waumini. Nilimweleza kwamba tukilishusha kabla ya mnara kuisha, gharama ya kulirudisha itatuumiza zaidi. Hakushawishika. Jumapili ukatangazwa msaragambo: kila nyumba ilete mrunda mmoja, mti mrefu wa kujengea, sehemu iliyobaki ijengwe kwa jukwaa la miti kama zamani, na mabomba yarudi Njoro.

Watu wetu unawajua kwa kazi ya pamoja. Hakuna nyumba iliyokosa. Ilikuja mikaratusi iliyonyooka, ilikuja migrivelia, na kuna mmoja ulioletwa ambao hata maharage yasingethubutu kuupanda. Baba aliipokea yote kwa mikono miwili, kwa sababu kwetu ukiukataa mrunda wa mtu umeikataa nyumba yake. Ndivyo alivyopokea maisha yake yote. Ndivyo alivyopokea mwaka ule kwenye ghala la kahawa, ulipoanguka wewe.

Anguko lako sina haja ya kukusimulia. Ila nakumbuka nilikuwa jikoni mama alipoletewa habari kwamba Daniel amepanda na mbege kichwani. Kila mtu alisema hivyo kwa kuwa baba alisema hivyo. Wewe ulisema hospitalini kwamba hukuonja hata tone, na baba akawa anatazama dirishani. Ulipopata nafuu ukaondoka, ukaenda kuishi na jina la mlevi mpakani. Hilo limeniuma miaka yote hii, kaka, na sijawahi kulisema.

Basi nilikataa. Nilifunga kamba kwenye ngazi nikasema hakuna mrunda utakaopanda mnarani. Mama Priska alisema mjini kumenisahaulisha nilikozaliwa. Mwenyekiti wa kamati akampigia simu bosi wangu, naye, Mungu ambariki, akajibu kwamba jukwaa liko chini ya sahihi yangu. Baba hakupaza sauti. Alisema tu mbele ya wote kwamba asubuhi ataifunga miti kwa mikono yake, na atakuwa wa kwanza kupanda. Hapo niliogopa kwelikweli. Amepita miaka sabini, magoti yamechoka, na kurudi nyuma hajajifunza bado.

Asubuhi nilimkuta peke yake akinyoosha kamba, miti imelazwa kwenye nyasi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi ya kitaalamu. Yote yalinitoka. Nikamwambia:

“Baba, nichagulie ule ambao ungempandisha Daniel.”

Aliinama akaushika mkaratusi wa kwanza, akaugeuza, akauacha. Akaenda wa pili. Alipita yote hivyo, polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha mwenyewe. Alipofika kwenye mmoja wa mparachichi alisimama. Kila fundi anajua mparachichi hukatika bila kutoa onyo. Baba alikaa chini kwenye majani mabichi, nami nikakaa pembeni yake mpaka watu walipoanza kufika na majembe na ndoo zao.

Walipokusanyika alivua kofia.

“Mrunda uliomwangusha Daniel ulikuwa wa mparachichi,” alisema. “Nilijua. Niliufunga nisimwaibishe aliyeuleta, halafu nikasema mwanangu alikuwa amelewa. Hakuwa amelewa. Mimi ndiye niliyesema uongo.”

Hakumtaja aliyeuleta, na hakuna aliyeuliza. Mama, aliyekuwa amewaletea watu mtori, aliweka sufuria chini akalia waziwazi. Nililia na mimi, na kofia yangu ya usimamizi kichwani. Wa kwanza kusogea alikuwa Mama Priska. Aliuinua mrunda wake begani akasema unafaa sana kwa banda la kupikia siku ya kuweka wakfu. Wengine wakamfuata. Banda limesimama sasa, nyumba zote zimo, na hakuna aliyekataliwa.

Mabomba yamebaki. Mama Priska alifuatana nami hadi Njoro akazungumza na bosi mpaka tukapunguziwa wiki za mvua, na tangu siku hiyo anawafokea wanaokanyaga jukwaa bila kofia, utadhani alilibuni yeye. Baba naye huvaa ya kwake, inambana, na kila asubuhi hunisubiri chini ya ngazi niseme ndiyo. Mnara tutaumaliza kabla ya Krismasi, Mungu akipenda.

Sasa kuna jambo sijakueleza. Barua hii sikuituma kwa basi. Ameileta baba. Yeye ndiye aliyempa dada wa chai hapo mnapoegesha malori akukabidhi, na sasa hivi baba amekaa nje, kwenye benchi la dada huyo.

Amekata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la nyumbani. Desturi unaijua: mkosaji humtuma mtu alipeleke, na anayepelekewa hawezi kukataa kusamehe. Baba amekataa kumtuma mtu. Na jani amesema litabaki mfukoni mpaka umwite mwenyewe, kwa sababu hataki umsamehe kwa kulazimishwa na desturi. Alitaka kwanza usome kwamba watu wote wamesikia ukweli, hata ukiamua kutomwona.

Kama leo huwezi, mwambie dada wa chai, naye atamwambia. Atarudi nyumbani, na sisi tutaendelea kukupenda kama kawaida. Hakuna atakayekusema.

Msalimie sana wifi Flavia, na mtoto mwambie shangazi yake ana kofia ya njano ya kumwazima. Mama anakuombea asubuhi na jioni.

Lakini ukiweza, kaka, toka nje. Hajala kitu tangu jana. Anza kwa kumwagizia chai.

Mdogo wako akupendaye,
Yuditha