Nilimwambia Upo Njia Panda

Nyumbani,
Jumamosi asubuhi, siku ya nne tangu turudi.

Mpendwa mwanangu Honi,

Hujambo mwanangu? Mkwe wangu hajambo? Na wajukuu, kile kikohozi cha mdogo kimeisha? Mimi mzima, miguu tu. Kalamu naishika kama mwiko, nisomee hivyo hivyo.

Baba yako tumemtoa hospitali. Daktari alisema tumrudishe nyumbani, akasema polepole, nikaelewa. Macho ndiyo basi tena, sukari imeyamaliza. Mjomba wako alitubeba na pikapu yake, kutwa nzima barabarani.

Miaka thelathini ameendesha lori barabara ile. Haoni, lakini anaijua kwa mgongo. Tukipita matuta matatu anasema, "Hapa wanaponda kokoto." Kweli, wanawake wameketi juani na nyundo zao, vichanga mgongoni. Kwenye mlima akapiga kelele, "Shemeji, gia ya pili! Unaendesha kama umebeba mayai." Mjomba wako akamjibu, "Nimebeba yai viza moja tu." Wakacheka. Mimi nikageukia dirishani.

Kila kitu alitaka nimwambie. Nikamwambia foleni ya malori kwenye mzani, daraja lenye ukingo upande mmoja, mbuzi juu ya kifusi. Akauliza kile kituo cha mafuta alikokuwa akikununulia biskuti. Mwanangu, kimebomolewa, yamebaki majani na tairi moja. Nikasema kipo, wamekipaka rangi nyekundu. Akafurahi, nami nikauzoea uongo.

Tulipokaribia njia panda yetu akakaa wima. "Mama Honi, mtoto yupo?" Unakumbuka ulivyokuwa ukimngoja pale kwenye nguzo ya umeme, akupakie mpaka nyumbani? Neno likanitoka, nikasema yupo. Akatoa mkono dirishani akapunga. Mjomba wako naye akapiga honi mara mbili, kama zamani. Hapakuwa na mtu pale.

Sasa anauliza kwa nini huingii ndani. Nimesema unaoga, nimesema umekwenda dukani. Tangu juzi hagusi chakula, anasema atakula na wewe. Uongo umeniishia, mwanangu, na yeye anaisha. Kumwambia kweli siwezi.

Simu siwezi pia, yuko kitandani hatua mbili na masikio yake bado yanasikia hata sindano. Wala wewe usipige, akikusikia uko mbali atajua. Mjomba wako alitaka akupigie yeye, nikamkataza, uongo ni wangu, acha niuseme mwenyewe. Barua hii nampa dereva wa basi la leo, kesho utakuwa nayo.

Njoo. Omba ruhusa kazini, wakikunyima njoo hivyo hivyo. Usije moja kwa moja nyumbani. Shuka njia panda, usimame kwenye nguzo ile, umtumie mjomba wako ujumbe. Tutamleta hata kwa kumbeba, akushike pale pale nilipomwambia upo.

Mkwe nisalimie, wajukuu wabusu. Mjomba wako na shangazi wanakusalimu. Mungu akufupishie njia, mwanangu, akufikishe angali anapumua.

Mimi nikupendaye, niliyekusimamisha pale wakati hupo,
Mama yako.