Mboga Tulizomficha Mama

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha cherehani,
Jumatano, tarehe tisa.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wanangu wawili, na kwamba kile kikohozi cha yule mdogo kimemwachia. Mwambie mama yake mdogo anamuulizia, na akinywa dawa bila kulia nitamshonea gauni lenye mifuko, maana nasikia siku hizi hataki nguo isiyo na mifuko. Shemeji naye, mgongo vipi? Mwambie aache kubeba makabati ya watu peke yake. Umri umekwenda hata kama yeye hataki kukubali.

Sisi huku tunasukuma siku. Mimi ni mzima, ila macho yananisumbua nikishona nguo nyeusi. Kaka yetu yuko na mafriji yake, bado anarudi nyumbani na bisibisi mfukoni na bado inatoboa kila suruali ninayomshonea. Wifi hajambo. Mama yupo. Nimeandika "yupo" kwa sababu neno "mzima" limenishinda kuliandika, na ndiyo sababu ya barua hii.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Dada, unajua simu ya nyumba hii ilivyo. Ukipiga, Mama anaifuta kwa upindo wa nguo yake, anaiweka katikati ya meza, anafungua sauti yote, na kila mtu anaitwa kusikiliza. Hata nikikupigia kwa siri kutoka chooni atanisikia, masikio yake hayajaugua.

Nianze mbali kidogo ili unielewe. Mguu wa Mama ulipovimba wakakuta bonge la damu, walimpa vile vidonge vya kuifanya damu iwe nyepesi. Kila baada ya muda anarudi kliniki, wanamtoboa kidole, wanatazama damu imekuwaje, wanaongeza dawa au wanapunguza. Walipompima mwanzoni alikuwa anakula kama anavyokula siku zote: wali, viazi vya kuponda, tambi, maharage, mkate. Majani alikuwa hagusi. Mtu amepika bweni la shule maisha yake yote, amekata mchicha wa watoto wa watu mpaka vidole vikawa kijani, na alipostaafu aliapa hatauona tena kwenye sahani yake. Nikimletea alikuwa ananiuliza, "Mimi umeniona mbuzi?" tunacheka, yanaisha.

Halafu wewe ukasikia Mama ana shida ya damu. Ukasoma, ukauliza wenzako kazini, ukaambiwa majani huongeza damu, husafisha damu, sijui hufanya nini tena. Silaumu. Mtu aliye mbali hana mkono wa kumshika mgonjwa, ana mdomo tu, na wewe ulitumia ulichokuwa nacho. Uliniambia nisimlazimishe, niyafiche ndani ya vyakula anavyovipenda. Na ukaniambia nisimwambie Kaka, kwa sababu Kaka hawezi kufunga mdomo.

Kazi hiyo niliifanya kwa bidii, nisiseme uongo. Nilichemsha mchicha, nikausaga mpaka ukawa laini, nikauchanganya kwenye nyama ya kusaga na kuimwagia juu ya viazi, rangi ikapotelea kwenye mchuzi. Kwenye tambi niliukata mwembamba sana na kuufunika kwa nyanya. Viazi vile unavikumbuka. Ndivyo alivyotupikia tukiwa na homa, anavipiga kwa uma na maziwa na siagi huku ametukalia kitandani, anaonja yeye kwanza visije vikatuunguza. Kila nilipoishika sufuria ile nilijiambia leo na mimi namlea. Mama akala, akaomba aongezewe. Nilirudi kwenye cherehani na furaha mpaka nikashona kola ya mtu nyuma mbele.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba Kaka naye ulimwambia, na ukamkataza asiniambie mimi kwa sababu mimi namwogopa Mama. Yeye alikuwa anapita jioni na supu, na ndani ya supu ile mlikuwa na fungu zima la spinachi lililosagwa kwa mashine ambayo mteja alimwachia aitengeneze. Wifi naye ulimwambia, na yeye ukamkataza asituambie sisi wawili kwa sababu tukigombana huwa tunaropoka kila kitu. Yeye ndiye aliyekuwa anachanganya majani ya maboga kwenye maharage kila alipokuja kunisaidia kufua. Basi sote watatu tulikuwa tunamlisha Mama majani kwa kujificha, kila mmoja akijiona ndiye mwenye akili katika familia hii. Dalili zilikuwepo. Yule mama muuza mboga wa pale kona alianza kunichangamkia, akaniambia siku hizi nyumba yenu inashinda sungura wangu. Nikadhani ananibembeleza ninunue zaidi, nikanunua zaidi.

Siku ya kliniki tulikwenda sote, kwa kuwa Kaka alikuwa na gari la kazini. Tukajipanga kwenye lile benchi la chuma lenye mguu mmoja mfupi, Mama katikati. Nesi akamtoboa kidole, akatazama mashine yake, akakunja uso. Alisema damu inarudi kuwa nzito kana kwamba Mama hanywi dawa. Mama alikasirika, maana vidonge vyake anavimeza mbele ya kila mtu na maji juu. Ndipo nesi akauliza, "Kuna chochote kilichobadilika kwenye chakula?"

Dada, tulisema "hapana" wote kwa mpigo kama kwaya. Mimi nilimwogopa Mama, Kaka aliniogopa mimi, wifi alituogopa wote. Mama naye alisema hapana, na ni yeye peke yake aliyeisema kwa moyo mweupe. Nesi akaandika, akaongeza dawa.

Siku chache baadaye bibi harusi mmoja alikuja kupimwa gauni, akawa hajui anataka mikono mirefu au mifupi, nikachelewa naye chumbani. Njaa ikamuuma Mama. Akaenda jikoni mwenyewe na fimbo yake, akafunua sufuria ya maharage. Kwa bahati mbaya ilikuwa siku ambayo sote watatu tulikuwa tumepita pale. Alisubiri mpaka jioni tukawa tumekusanyika, akaiweka sufuria mezani, akachukua kijiko akaanza kutenga.

"Haya marefu ni ya mkwe wangu," alisema. "Haya yaliyosagwa ni ya fundi wa mafriji, hana subira na kisu. Na haya membamba kama uzi ni yako wewe." Hakukosea hata mmoja. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sasa maharage yangu yako wapi?" Kaka alitaka kucheka, akauona uso wake, akajifanya anakohoa.

Tangu siku ile hali kitu kilichopita mikononi mwetu. Anakula chenye ganda lake tu. Yai la kuchemsha, alimenye mwenyewe. Ndizi, chungwa, karanga za maganda. Mkate anautaka ukiwa bado umefungwa, aufungue yeye. Nimempikia wali mweupe mbele ya macho yake, nikala kijiko cha kwanza mimi ili aone. Alinitazama nikitafuna, akasema, "Endelea tu mwanangu, unahitaji nguvu."

Na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Majani yalikoma ghafla, dawa iliyoongezwa ikabaki pale pale. Nilianza kuona alama za buluu mkononi mwake pale ninapomshika kumwinua. Nikadhani namshika vibaya, nikawa namwomba radhi. Kisha asubuhi moja pua ikaanza kutoka damu na haikutaka kusimama. Taulo likalowa, nikachukua jingine, likalowa. Mezani kulikuwa na vitambaa vya wateja, nikavichukua hivyo hivyo. Wifi alimshika kichwa, mimi nikabana pua, Kaka akaendesha gari bila viatu. Mama alikuwa ananitazama tu juu ya kitambaa, na mimi sikujua pa kuyapeleka macho yangu.

Hospitalini tuliyatoa yote, kila mmoja na sehemu yake, mpaka daktari akatuomba tuongee kwa zamu. Alitueleza bila kutugombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alisema majani hayana ubaya wowote, ila yanavuta upande mmoja na dawa inavuta upande mwingine. Mgonjwa akila kiasi kile kile kila siku, dawa inapimwa kufuata kiasi hicho. Akila mengi leo na kesho asile kabisa, hakuna anayeweza kuipima. Damu ilisimama, wakampunguzia dawa, tukarudi naye nyumbani.

Sasa nesi anataka jambo dogo tu. Mpishi awe mmoja, sufuria iwe moja, chakula kifanane kila siku, na majani yawemo kidogo, yajulikane. Hicho kidogo ndicho kimenishinda. Sahani naiweka ya moto, naiondoa ya baridi. Amekonda mpaka pete imehama kidole. Nesi anasema kwa kula huku kwa kuokoteza dawa haiwezi kukaa sawa: ama itazidi avuje damu tena, ama itapungua na bonge lile lirudi, na safari hii linaweza lisiishie mguuni. Naketi kwenye cherehani namsikia akigonga yai mezani, na najua nikienda atageuza kiti.

Nimejaribu kila njia niijuayo. Nimelia mbele yake. Nimenuna. Nimemwita yule mpishi mwenzake wa zamani wa bwenini aje ampikie. Mama alimkaribisha vizuri, wakasimuliana wakacheka, na mgeni alipoaga, Mama akamfungia chakula chote kwenye bakuli akaenda nacho kwake.

Lakini linalonifanya nikuandikie ni hili. Juzi nilimuuliza, basi atakula cha nani. Hakufikiri hata kidogo. "Cha mkubwa wenu," akasema. "Yule hajawahi kunidanganya."

Kaka alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwona anafungua mdomo, nikamkanyaga mguu. Baadaye uani tuligombana kwelikweli. Yeye anataka Mama aambiwe kwamba shauri lilitoka kwako, ili ajue letu lilikuwa moja na tulifanya kwa kumpenda. Wifi anasema tukimwambia hivyo Mama atabaki bila mtoto hata mmoja wa kumwamini, na mtu akifika hapo hata hayo mayai ataacha. Mimi nikiwasikiliza naona kila mmoja ana haki. Nimenyamaza, na sijui kama ninayemlinda ni wewe au ni yeye, au ni mimi tu sitaki kuuona uso ule tena.

Najua huwezi kuja. Najua habari za vibali, kwamba ukitoka huko huenda wasikuruhusu kuingia tena, na watoto wako shuleni. Sikuombi uje. Lakini Jumapili ukipiga atakuuliza unakuja lini, maana ameshaniamuru nifue mapazia ya chumba chako, na nimeyafua. Ukimjibu kwamba huji, sijui atashika nini. Ukimjibu kwamba unakuja, tutakuwa tumemdanganya tena. Na ukimwambia ukweli wote, simu ikiwa pale katikati ya meza, huenda akala, huenda akainuka akaenda kulala. Ungekuwa karibu ningekushika mkono tukaingia kwake pamoja. Sasa nakuachia wewe, na naona aibu kukuachia, maana mimi ndiye ninayelala naye nyumba moja.

Kaka anakusalimu. Bado amenuna kidogo lakini anakusalimu. Wifi naye anakusalimu sana na anaomba picha mpya ya watoto. Mpe shemeji salamu zangu, na uwabusu wanangu wote wawili, yule mkubwa hata akikimbia.

Mama ameniona naandika, akauliza kama ni ya kwako. Nikasema ndiyo. Akasema nikuandikie kwamba usihangaike kununua zawadi wala kujaza masanduku. Uje na mikono yako tu.

Mungu akufunike huko uliko, na huku kwetu pia asipite mbali.

Ni mimi mdogo wako,
akupendaye na asiyejua la kufanya.