Injini Iliyopigiwa Kura

Jumatatu, 4 Machi 1996
Kamsamba. Joto la kuchemsha ubongo. Restuta, fundi wa ndege yetu, kabandika grafu ofisini. Kila akimwaga oili anapima chenga za chuma zilizomo, anakadiria uhai uliobaki, anatia nukta. Leo kaziunganisha nukta kwa rula, kaurefusha mstari mpaka ukagusa chini. "Rubani," kaniambia, "injini hii Pasaka haifiki." Na mimi ndiye ninayeirusha! Wali umenishinda.

Jumatano, 6 Machi
Mzee Mbonile, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, kaiona grafu. Kafoka — nani kampa Restuta kibali cha kuitabiria kifo mali ya kanisa? Restuta: si utabiri, mzee, ni vipimo. Mzee: vipimo visivyo na imani! Injini nyingine hakuna, anasema, barabara imekatwa na mvua, na zahanati haina hata kwinini. Hapo kwenye dawa ana haki. Ndiyo maana sikulala.

Ijumaa, 8 Machi
Kikao. Nilidhani watajadili injini. Wamejadili mstari! Mmoja kataka uinuliwe kidogo tu. Mwingine — ubaki, ila upakwe kijani. Mwisho Boazi, katibu, kaibandua karatasi, kaigeuza nyuma mbele, wino ulikopenya. Mstari ukapanda! Makofi. Wakapiga kura: injini ni nzima. Aliyekataa ni Restuta peke yake. Mimi nilikuwa najikuna kichwa, wakauhesabu mkono wangu.

Jumapili, 10 Machi
Naandika humu humu ndani ya ndege. Baada ya ibada kanisa zima limekuja kiwanjani kuiaga kamati, eti inafuata dawa Mbeya. Boazi kakumbuka ana ng'ombe anazaa. Wajumbe wengine wamepotea bila hata kusingizia ng'ombe. Restuta kaweka mawe mbele ya magurudumu, kasimama pembeni, mikono kifuani. Mzee Mbonile kapanda peke yake, kajifunga mkanda.

"Baba, mimi siruki," nikamwambia.

Akaniinamia sikioni. "Nani kakwambia uruke, mwanangu? Washa tu, watu waone."

Nimewasha. Pangaboi linazunguka, sisi tuko palepale. Kwaya imeishiwa nyimbo, imeanza upya. Kila nikisema tushuke — bado, wanatutazama! Sasa injini inakohoa. Mzee anawapungia mkono, anatabasamu. Mkono wa pili umenikamata suruali, na hauachi —