Samli ya Mawaridi

Visiga, Jumatatu

Mama yangu,

Shikamoo. Sisi wazima, na mjukuu wako kaota jino la pili, anang'ata kila kitu. Mvua huku imegoma. Huko Mzenga ng'ombe wanapata maji?

Jana wifi Elinipa alikuja na rafiki zake kuchagua marashi ya waridi ya harusi yake. Walileta chupa tatu za dukani. Nikasema tusidanganywe na chupa, nikapaka kila moja kwenye kitambaa chake cheupe. Cha nne nilikipaka ile samli yako uliyoloweka mawaridi. Sikuwaambia.

Walinusa, wakabishana. Ya kwanza inakaba koo. Ya pili sabuni tupu. Ya tatu ilikata kabla chai haijapoa. Wifi akashika kitambaa cha nne, hakukiachia.

"Hili ndilo waridi lenyewe! Limetoka Dubai?"

"Limetoka Mzenga, kwa mama. Ni samli ya ng'ombe."

Mama, wifi akakitua kitambaa mezani! Alikumbuka, na mimi nilikumbuka: siku uliyokuja kuniona, alivyofungua madirisha yote ulipoketi, eti unanuka samli, nawe ukaaga hujamaliza hata chai. Miaka miwili hujarudi.

Akaomba nikuagize kopo zima. Nikamjibu kwamba mama yangu haagizwi, anaombwa. Basi Jumamosi anakuja huko mwenyewe, na khanga mkononi.

Rudi naye, Mama. Safari hii madirisha nitayafungua mimi, majirani nao wanuse.

Mwanao anayetamba,
Yunis