Mkebe wa Mwisho wa Paulinus

Mundika, Busia
14 Agosti 1978

Mwanangu Roselida,

Salamu nyingi. Mimi baba yako nina miaka sabini na nne. Nimepita nzige, nimepita vita vya Burma, nimempita mama yako, na sasa nimempita ndugu yako Paulinus. Meno ninayo bado. Wewe na watoto hamjambo? Mwalimu alitaka kuniandikia hii barua, nikakataa. Mkono ni wangu.

Umesema siku ya ukumbusho Omagor asikanyage hapa, kwa sababu aliharibu picha ya mwisho ya ndugu yako. Ngoja basi.

Paulinus alikuwa mtu wa sinema za kila namna. Leo ni ya serikali, wadudu wa pamba. Kesho kichekesho cha yule mama wa Malaba aliyevuka mpaka na mimba ya kahawa. Kesho kutwa mazishi ya watu. Askari wa forodha katika ile ya kahawa ni mimi. Gari la sinema lilipofika Amukura watu walicheka mpaka benchi ikavunjika. Na hakukimbiakimbia na kamera. Aliiweka chini, akangoja mpaka ukasahau iko.

Lakini yeye mwenyewe hayuko katika hata moja. Siku moja tu, homa ikiwa imeshamwanza, alimpa Omagor, msaidizi wake, kamera, akaketi na mimi hapa uani akaninyoa ndevu. Hiyo ndiyo ilikuwa kwenye mkanda ndani ya mkebe wake wa mwisho, picha haijasafishwa.

Baada ya mazishi tulianika vitu vyake, blanketi, viatu, mashati. Omagor akaniambia, "Mzee, huo mkebe usifungue. Jua litakula picha." Nikamwambia mimi niliyetoka Burma nitafundishwa jua na mtoto wa juzi? Nikafungua. Nikatundika ule mkanda kwa kamba, katikati ya mashati yake, nikitafuta uso wake.

Mkanda ulipelekwa Nairobi kusafishwa, ukarudi mweupe kama maji. Siku ile ulipomtukana Omagor hapa uani, aliinama tu. Na mimi nilikuwa nimekaa hapo, mzee mzima, nikanyamaza.

Ni mimi, Roselida. Mwambie aje.

Wasalimie watoto, waambie babu anawaza juu yao. Na ukidhani ni uzee unanisemesha, aliyeona kwa macho yake ni mmoja. Muulize Omagor.

Ni mimi baba yako,
Zephaniah Wandera